Kiti cha Baba Kwenye Eskaveta

Baba, shikamoo.

Nakuamkia kwa mazoea. Ulikuwa hupendi mtu aanze maneno kabla ya salamu. Hata mteja mwenye haraka zake ilikuwa lazima umuulize hali, kisha hali ya mitende, kisha kama kwao mvua imenyesha. Basi sisi hatujambo. Mama ametoka eda wiki iliyopita. Siku ile ile alikwenda uani pale inapolala mashine, akaigusa ubavuni, akarudi ndani.

Nina jambo la kukiri kwako, na nimelizunguka siku tano nzima.

Tangu uondoke sijakisogeza kiti chako. Eskaveta ni ile ile ndogo yetu, imechubuka rangi palepale, na kiti kiko nyuma kabisa ulipokiacha wewe na miguu yako mirefu. Mimi nimefuata ufupi wa kina Mama. Ulikuwa ukinitania kwamba nikikaa mle ndani, watu wa hapa Ibra wanadhani mashine inajiendesha. Basi nilichukua mto wa sebuleni, ule wa maua, nikauweka mgongoni. Nikigeuza shingo napata harufu yako kwenye kitambaa cha kiti, ubani na dizeli. Kila asubuhi nilijiambia nitakisogeza kesho.

Na kiti ndicho ulichonifundisha mwanzo, kabla ya mkanda, kabla hata sijaruhusiwa kushika ufunguo. "Kiti kwanza, mwanangu. Mguu ufike bila kunyooka, mkono ufike bila kuinama." Nilikuwa mtu mzima, nina mke, na bado ulisimama pembeni unanikagua kama nakwenda skuli.

Nakumbuka mengi, Baba, na hayaji kwa mpangilio. Nakumbuka ulivyoniweka juani siku nzima nisawazishe kipande cha ardhi kisichozidi mkeka, kisha ukamimina maji ya chupa katikati. Yakakimbilia kushoto. Ulinyoosha kidole tu, nikaanza tena. Yalipotulia mahali pamoja ukanywa yaliyobaki ukasema, "Sasa tule." Nakumbuka ulikuwa hushuki hata kwa dakika moja kabla kijiko cha mashine hakijakaa chini na ile liva nyekundu ya usalama haijafungwa. Mtu akija kukusalimia kwa miguu, ulikuwa unazima kila kitu, ukamngoja afike. Nilikuwa nikiona unapoteza wakati. Sasa mimi ndiye ninayezima, na wenye haraka wananinung'unikia.

Na falaji. Hapa kwetu, chini ya ardhi unayoichimba huenda kuna mfereji unaopeleka maji kwenye mitende ya kijiji kizima, na ukiubomoa umewakausha watu. Kwa hiyo hukuchimba popote bila ya kumtafuta kwanza wakili wa falaji, yule anayeusimamia, mtembee naye mstari wote, wewe ukiumwagia chokaa. Kisha unavua ndara. Ulikuwa ukiapa kwamba asubuhi ardhi iliyo juu ya maji ina ubaridi wake. Mimi nimevua ndara mara ngapi na sijausikia. Nilitaka kukuuliza kama ni kweli au ulikuwa unanichezea.

Jumatatu niliitwa Dima wa Tayyin. Wadi, ule mto wa msimu, ulishuka na mvua, ukajaza kokoto kwenye shamba, na pembeni mwa shamba hilo falaji inapita chini, imefunikwa kwa mawe mapana na udongo juu yake. Wakili wao ni Mzee Saidi, rafiki yako uliyezaliwa naye mtaa mmoja Unguja. Tukatembea pamoja, nikamwaga chokaa, nikavua ndara. Nilipopanda nikafunga mkanda, nikahakikisha hakuna mtu karibu. Nilifanya kila ulichonifundisha isipokuwa kile cha kwanza.

Ilikuwa karibu na adhuhuri, nataka kurudi nyuma kidogo tu. Liva za kutembezea ziko mbele, mimi niko mbali, nikajikunja kuzifikia. Kiwiko changu cha kulia kikaisukuma liva ya pembeni. Mkono wa mashine ukashuka, kijiko kikapiga upande wa pili wa chokaa, na nikasikia jiwe la falaji likivunjika. Baba, sauti ile bado iko kifuani mwangu. Nilifunga, nikazima, nikashuka. Udongo ulikuwa unamwagikia ndani ya maji, na kule chini msikitini watu walikuwa wanatia udhu, yakawafikia matope.

Walikuja wanaume sita. Hakuna aliyenigombeza, na ni afadhali wangenigombeza. Walifunga kanzu zao viunoni, na mimi nikaingia mferejini nikazoa udongo kwa mikono mpaka kucha zikaniuma. Tuliweka jiwe jipya. Mpaka alasiri maji yalikuwa yameanza kung'aa tena, na ndipo Mzee Saidi alipochungulia ndani ya mashine, akauona mto wa Mama. "Ya Hamadi," akaniambia, "hichi kiti cha marhumu. Wallahi angekuwepo, angekushusha mwenyewe." Kisha akaniambia nirudi Jumapili nimalizie kazi. Ningalimwelewa kama angalinifukuza.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama yote. Akasema kama siwezi, tuiuze; yeye hataki kukaa eda ya mume kisha kumlilia na mtoto. Alisema kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi kwa Mama, wewe unamjua.

Asubuhi ya leo nimekwenda uani peke yangu. Nimeutoa mto. Nimeshika ule mkono wa chini ya kiti, nikavuta, kiti kikakataa. Nikavuta tena kwa hasira, na nikafurahi pia, nikaona basi nawe hutaki. Nikapiga magoti, nikamulika kwa simu.

Kokwa za tende, Baba. Zimejaa kwenye reli ya kiti, moja nyuma ya moja, zimekauka na zimeshikana na grisi.

Wewe! Wewe uliyenitupia chupa yangu ya maji nje kwa sababu sakafu ya mashine haiwekwi kitu, kitaviringika kwenye pedali. Wewe uliyenikataza hata biskuti. Kumbe nikigeuza mgongo unakula tende zako na kokwa unazisukumia chini ya kiti kama mtoto anayemficha mamake. Nilicheka mpaka Mama akatoka kuona kuna nini. Nilipomwonyesha mkononi alicheka na yeye, kisha tukakaa chini pale pale, tukalia. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya maziko. Siku ile nilikuwa na watu wa kuwapokea.

Nimezichokoa zote kwa bisibisi. Reli nimeisafisha, nimeipaka mafuta. Kiti kimekuja mbele meno manne ya reli, na mguu wangu unafika bila kunyooka. Kuna jambo sikulitarajia: kutoka hapo mbele ninaona kijiko kinapogusa ardhi, mpaka meno yake. Miezi yote hii nilikuwa nakisia. Harufu yako iko mbali kidogo sasa, mpaka niinamishe kichwa nyuma. Nina hamu nawe, Baba. Nataka usimame pale pembeni unikague.

Kesho ni Jumapili, narudi Dima wa Tayyin. Nitavua ndara tena, huenda safari hii nikausikia ubaridi wako. Nakuahidi kiti kwanza, kila siku, hata nikiwa na haraka, na sitaiuza mashine maadamu mguu wangu unafika. Mama ameridhika, ameurudisha mto wake sebuleni. Mungu akulaze mahali pema, akupanulie kaburi lako, wewe uliyekuwa ukigongagonga kichwa kila ulipopanda mle ndani.

Sakafu nitaiweka safi ulivyotaka. Ila kokwa moja nimeirudisha, nyuma kabisa ya reli, mahali isipozuia kitu.

Mwanao,
Hamadi