Ufa Mgongoni mwa Kulabu

Jumanne, Gungu. Mvua imepiga tangu alfajiri na mkono wangu wa kulia umevimba. Naandika kwa wa kushoto, ovyo ovyo.

Leo nimempiga mtu hadi nikamng'oa jino.

Ni Rashidi, msimamizi wetu gatini. Mimi ndiye mkaguzi wa vyuma. Wiki iliyopita nilipima kulabu ya winchi nikakuta mdomo wake umepanuka. Chuma kikishavutika hivyo hakifai tena, nikaipaka rangi nyekundu itupwe. Rashidi akaipeleka kwa wahunzi, wakaichoma na kuigonga mpaka mdomo ukarudi kipimo. Kwenye mkutano wa tawi la chama alipigiwa makofi, eti huko ndiko kujitegemea!

Asubuhi nimeikuta imefungwa tena kwenye winchi. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta ikakauka, nikaipaka unga wa chaki. Punde mafuta yaliyojificha ndani yakachomoza: mstari mweusi mgongoni mwa kulabu. Ufa. Rashidi akaufuta kwa kiganja.

"Kipimo si kimerudi, ndugu mkaguzi? Kijiji kizima kinasubiri mashine yake ya kusaga."

Nikakimbilia ofisini kumtafuta mkubwa wetu. Hayupo. Niliporudi, mashine iko hewani inaelekea melini, na tumboni mwa meli yumo shemeji yangu Yasini, mume wa dada Zuhura, anangoja kuipokea. Nikaenda mbio huku napiga kelele. Rashidi akanitazama, akaitazama kulabu, akatia filimbi mdomoni. Mwendesha winchi haoni chini kule, anafuata filimbi hiyo tu.

Nikaona anataka kuamuru iteremshwe, damu ikanichemka. Nikampiga ngumi ya mdomo. Akaanguka, nikamkalia kifuani nikaendelea kumtwanga, filimbi imezama kwenye matope.

Kulabu ikakatika nikiwa bado nampiga.

Yasini yu hai. Mguu wameukata jioni hospitalini.

Rashidi kashonwa mdomo hospitali hiyo hiyo. Nilipopita kitandani kwake akanikamata shati.

"Nilikuwa nasimamisha, ndugu yangu. Ile ingekuwa filimbi ya kusimamisha."

Mwongo mkubwa. Au si mwongo? Nilimwona kwa macho yangu akiitazama kulabu.

Dada Zuhura amelala hapa kwangu. Kabla hajalala ameukanda mkono huu kwa maji ya moto, akaubusu, akasema ningemuua kabisa yule shetani.

Kesho nitamwambia alichosema Rashidi?