Koti la Pili

Shoga, hivi wewe ulielewa kwamba ile safari ya mjukuu wangu mimi simo?

Maana mimi nilijihesabu. Siku kumi za kutembea msituni, akaniambia, "Bibi, kila kitu shona viwili viwili." Wa pili nani kama si mimi?

Wiki tatu nimeinama. Vyandarua viwili vya kofia, mbu wasitule uso. Makoti mawili ya mvua, kila mshono nimeusugua mshumaa maji yasipenye. La pili nimelipima mwilini mwangu, yeye akiangalia. Akacheka, "Umependeza, Bibi."

Kila asubuhi nazunguka uwanja na unga kilo tano mgongoni, magoti yazoee.

Leo kaja na rafiki yake wa kazini. Kamvika koti langu. Langu, shoga. Mikono imeishia kwenye viwiko.

"Bibi, hili limebana. Utalilegeza kabla ya Jumamosi?"

Limebana, eti.

Nikachukua mkasi, nikaanza kufumua, kimya kama kawaida yangu. Nikauweka mkasi chini.

Nikamwambia, "Halijabana. Lina mwenyewe. Nilitaka kwenda na wewe, mjukuu wangu."