Baba na Chenso

Mpanda, 19 Juni 1996

Mama mpendwa, shikamoo. Nitakueleza yote, hata ambayo baba angependa nifiche.

Juzi kwenye mafunzo ya wakata miti aliwasha chenso, ule msumeno wa injini, kama alivyozoea porini: aliining'iniza kwa mkono mmoja, akavuta kamba kwa mwingine. Mwalimu aliizima. "Mzee, hivyo ndivyo watu wanavyojikata mapaja. Ukirudia, utarudi nyumbani." Wenzake wakacheka: "Baba Neema, umeshika chenso au kuku wa sokoni?"

Jioni hakugusa ugali. Nilimkuta nyuma ya kambi akifanya mazoezi kwa kipande cha gogo. Nikamsomea hatua za mwalimu kutoka daftari la mafunzo, naye akazirudia taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Leo, katika baridi ya asubuhi, aliiweka chenso chini, akafunga breki ya mnyororo, akakanyaga mpini wa nyuma kwa ncha ya buti. Ikawaka alipovuta mara ya tatu. "Safi sana, mzee!" mwalimu akasema, na waliomcheka wakapiga makofi.

Najua ulimkataza kazi ya msitu tangu rafiki yake alipokatwa mguu na chenso. Anaogopa kukuuliza. Wasalimie wadogo zangu hapo Ikola, Mungu awalinde. Nijibu kwa gari la Ijumaa: sasa utamruhusu kurudi msituni?