Safu ya Hakuripoti

Morogoro Mjini
12 Februari 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka mzima na kile kikohozi kilichonitia wasiwasi pale msibani kwa mjomba kimepungua. Mimi sijambo, ila mapaja bado yananiuma kwa ule mteremko wa kutoka Kinole hadi Mkuyuni. Nimeshakuwa mtu wa mjini, unaruhusiwa kunicheka.

Mama, nimepata kazi! Ni mkataba wa mwaka mmoja kwenye mradi wa elimu. Wanataka kujua vijana wa mkoa huu waliomaliza kidato cha nne na cha sita miaka kumi iliyopita walikwenda wapi. Zamani mtu akimaliza alipangiwa chuo, akapangiwa na kazi. Siku hizi viwanda vinafungwa, watu wanapunguzwa, kila mmoja anajitafutia kivyake, na hakuna anayejua nani kaishia wapi. Basi sisi tunatoa majina kwenye vitabu vya matokeo, tunayafuata moja moja kwenye orodha za shule na vyuo. Kila mtu ana kadi yake yenye safu nne: amefaulu, amechaguliwa, ameripoti au hakuripoti na kwa sababu gani, na yuko wapi sasa. Tukijua anwani ya mtu tunamtumia dodoso, yaani karatasi ya maswali, aijibu mwenyewe.

Mkuu wetu ni Bwana Eustace, mpole lakini hapendi soga. Tuko wanne na meza mbili.

Nikipata mshahara nitakuletea khanga. Wasalimie wote pale nyumbani, na usibebe ndizi peke yako.

Mwanao,
Raya

*

Kinole
3 Machi 1995

Mwanangu Raya,

Marahaba. Sisi wazima, kikohozi kimeondoka chenyewe kilipochoka na mimi. Hongera kwa kazi. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana elimu yangu ni ya kisomo cha watu wazima na mwandiko wako umekuwa wa kidaktari. Andika kubwa, sitakutoza.

Nimefikiri sana juu ya hizo kadi. Kaka yako Luqmani alimaliza kidato cha nne hapo hapo mjini mwaka 1985. Basi naye ana kadi.

Huu mwaka wa tisa tangu aondoke. Wewe ulikuwa mdogo, una miaka kumi na mbili, unakumbuka vitu viwili vitatu tu. Alitoka asubuhi na mfuko wa nguo, hakuaga. Mjomba wako Salehe, Mungu amrehemu, alikwenda Ngerengere kwa baba yenu kumwulizia, akaambiwa hawajamwona. Tukanyamaza. Mimi na baba yenu tangu tuachane hatujauliziana hata hali, sikuwa wa kwenda kumpigia magoti.

Sasa mjomba hayupo. Unajua kwetu mtu akifa jina lake haliachwi chini, linarithiwa na mtoto wa dada yake. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Luqmani. Wakubwa wa ukoo wamesema tutaanua matanga, tumalize msiba, mwezi wa nane baada ya mavuno, asipoonekana jina apewe mwingine. Nami watu wananiita Mama Luqmani kutwa nzima, nikienda mtoni, nikienda shambani, na huyo Luqmani mwenyewe sijui kama anapumua.

Mtafute mwanangu. Kama serikali inamjua, nami nimjue.

Mama yako,
Mama Luqmani

*

Morogoro Mjini
28 Machi 1995

Mama,

Shikamoo. Sijambo, nawe natumaini hujambo. Nimeandika kubwa kama ulivyoagiza.

Nimempata kaka, lakini nusu tu. Kadi inasema: LUQMANI SALEHE, daraja la pili, amechaguliwa kidato cha tano Shinyanga, mchepuo wa hisabati. Safu ya tatu: HAKURIPOTI. Safu ya nne iko tupu. Nimepekua orodha za vyuo vyote tulizonazo, vya ualimu, kilimo, hata Mzumbe, hakuna Luqmani Salehe.

Mama, mimi sikujua kabisa kwamba alichaguliwa! Pale nyumbani tuliambiwa alikosa nafasi. Ninachokumbuka ni kwamba kila Ijumaa alikuwa anashuka Mkuyuni, anapanda lori la matunda hadi mjini, anarudi jioni hasemi na mtu. Ukaniambia anakwenda posta kuulizia barua.

Kwa wengi wenye HAKURIPOTI tunakuta barua haikuwafikia. Naomba unikumbushe, je, barua ilifika?

Mwanao,
Raya

*

Morogoro Mjini
9 Mei 1995

Mama,

Shikamoo. Dereva wa lori anayetubebea barua amekuja mjini mara nne na kila mara ananiambia hana barua yangu. Anasema unatembea, unalima, unawagombeza watu, basi najua huumwi. Kama nimeuliza vibaya unisamehe, lakini usininyamazie. Nikiona kadi yake nashindwa kuendelea na za wengine.

Mwanao,
Raya

*

Kinole
2 Juni 1995

Raya mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, karatasi nyingine nimewashia moto, na ndiyo hayo hayo ninayotaka kukuambia.

Barua ilifika. Ilifika mwezi wa sita mwaka 1986, siku ya soko, imeletwa na dereva wa lori. Akampa mjomba wako, maana jina lake ndilo lililokuwa kwenye bahasha. Ni Salehe aliyempeleka Luqmani darasa la kwanza, mwalimu alipouliza jina la mzazi akataja lake. Huku kwetu wengi tulifanya hivyo, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli. Hata wewe hilo Salehe lako umelipata hivyo hivyo.

Mjomba aliisoma akaja nayo jikoni. Akasema, huyu akienda Shinyanga harudi tena, atakuwa mtu wa huko, na mimi nani atanirithi? Akasema, wewe ndiye mama yake, iweke motoni. Nami nikaiweka, Raya. Sikulazimishwa. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na nikamwona kwenye garimoshi anakwenda zake. Nikaikunja nikaisukumia chini ya chungu cha maharage.

Halafu nikakaa kumtazama. Kila Ijumaa anavaa shati lake jeupe la shule, anashuka mlima kwenda kuulizia barua niliyoiunguza mimi. Nampa muhogo wa kula njiani. Namwuliza jioni, vipi, wamekujibu? Ijumaa ya saba hakurudi.

Miaka yote hii nimesali nikiomba asijue, na papo hapo naomba arudi. Sijui Mungu anaifanyia nini dua ya namna hiyo.

Sasa sikiliza. Usimtafute kwa jina la Salehe. Mimi ningekuwa yeye ningelitupa siku ile ile. Mtafute kwa jina la baba yenu, Idrisa.

Ukinichukia nitaelewa. Ila mtafute kwanza.

Mama yako

*

Morogoro Mjini
30 Juni 1995

Mama,

Shikamoo.

Nilikasirika. Sitakudanganya, nilikaa wiki mbili sishiki kalamu, na nikiona wanawake wa Kinole wanauza mdalasini sokoni nilipita upande wa pili. Kisha nikarudi kwenye orodha.

Luqmani Idrisa hakuwepo shule yoyote. Nikamwambia Bwana Eustace naomba vitabu vya watahiniwa wa kujitegemea, wale wanaojisomea nyumbani wakaja kufanya mtihani tu. Akasema hao mradi haukuagizwa kuwafuata. Nikamwambia mmoja wao ni kaka yangu. Akanitazama, akavua miwani, akanipa ufunguo wa kabati na kusema nifanye baada ya saa za kazi.

Mama, yupo! LUQMANI IDRISA, kidato cha sita, mtahiniwa wa kujitegemea, 1989, amefaulu. Chuo cha ualimu, diploma, ameripoti, amemaliza 1992. Kapangiwa kufundisha Ngerengere.

Ngerengere, Mama. Hapo tu. Alikwenda kwa baba, na baba akamdanganya mjomba alipokuja kuuliza.

Jumamosi nilifika mpaka stesheni nikiwa na nauli mkononi, treni ikaja, ikaondoka, mimi nimesimama. Nilimwogopa. Nimemtumia dodoso kama tunavyowatumia wengine, lenye muhuri wa ofisi, na chini nimeandika jina langu kamili, Raya Salehe. Akitaka kujibu atajibu.

Mwanao,
Raya

*

Morogoro Mjini
29 Julai 1995

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Dodoso limerudi. Kajaza mwenyewe kwa wino wa buluu, herufi ni zile zile alizokuwa ananiandikia kwenye kibao changu. Nakunakilia neno kwa neno.

Jina: Luqmani Idrisa. Awali Luqmani Salehe.

Kazi ya sasa: Mwalimu wa hisabati.

Je, uliripoti shule uliyochaguliwa? Hapana.

Iwapo hukuripoti, eleza sababu: Barua ilifika nyumbani. Mama aliiunguza. Niliokota kipande jikoni siku ile ile nilipokwenda kuchukua kaa la moto la pasi, kilikuwa na nembo ya serikali na herufi tatu za jina langu. Zile Ijumaa sikuwa nakwenda posta. Nilikwenda kutafuta vitabu na kuulizia mtihani wa kujitegemea. Mama alikuwa ananipa muhogo, nami nilikuwa naula. Sikutaka ajue kwamba najua, maana angekufa kwa aibu, na nisingeweza kukaa naye nyumba moja bila kusema. Ndiyo maana niliondoka. Naomba haya yasiingie kwenye ripoti ya serikali. Andikeni tu: barua haikufika.

Maoni mengine: Mama hajambo?

Ni hayo tu, Mama. Ile sehemu ya maoni ina mistari sita, watu wanaijaza malalamiko ya mishahara na madawati. Yeye kaandika maneno mawili hayo na mistari mingine kaiacha.

Nimelia ofisini, Bwana Eustace akatoka nje akajifanya anatazama gari. Baadaye akaniambia kadi lazima ifungwe kabla ya tarehe kumi na tano na kwenye sababu niandike ninachoona sawa. Sijaandika kitu, nakungoja wewe. Kuja kuanua matanga sikupata ruhusa, niombee radhi.

Mwanao,
Raya

*

Kinole
8 Agosti 1995

Mwanangu Raya,

Marahaba. Barua yako ilifika siku moja kabla ya kuanua matanga. Nilikaa chini kama ulivyosema, na kuinuka ikawa kazi.

Alikuwa anajua! Mtoto wa miaka kumi na tisa, anapokea muhogo mkononi mwangu, ananiambia ahsante mama, na kile kipande kiko mfukoni mwake. Mimi nilidhani ninamficha, kumbe nafichwa mimi.

Jana wakubwa walipokaa kuzungumza habari ya jina, mmoja akaanza maneno yake, kwamba huyo Luqmani ni mtoto asiye na adabu, aliutupa ukoo. Nikasimama. Mwanamke hasimami pale, lakini nilisimama. Nikasema, mwanangu hakuutupa ukoo, sisi ndio tuliomtupia barua yake motoni, marehemu kaka yangu alisema na mkono ulikuwa wangu. Mama yako mdogo akaanza kulia. Jina kapewa Hamisi, mtoto wake, kijana mwema, linamfaa. Wengine hawajanisalimu tangu jana na sidhani kama watanisalimu karibuni. Sawa, watachoka.

Sasa hiyo kadi. Luqmani anaomba muandike barua haikufika. Hapo amekosea, ingawa ni mwalimu. Amenibeba miaka tisa, inatosha. Wewe andika, na uandike kubwa: Barua ilifika, mama yake aliiunguza. Na kama pana nafasi andika jina langu, Zuhura binti Mwinyimvua, wasije wakadhani ni mama mwingine.

Barua hii inatangulia leo na dereva wa lori, kesho alfajiri nami nashuka Mkuyuni. Nitalala kwako, keshokutwa utanipeleka stesheni, na treni ikija safari hii nitakushika mkono tupande wote. Nimechemsha muhogo. Sijui kama ataula.

Na pale kwenye maoni mengine, alipouliza, usiache wazi. Mjibu: hajambo, anakuja.

Mama yenu,
Zuhura