Picha ya Mbali

Jumatatu, 9 Juni
Shuleni, Mweso. Nasahihisha video za wanafunzi tangu asubuhi. Macho yananiuma. Niliomba hadithi moja kwa picha tatu: ya mbali inayoonyesha tuko wapi, ya wastani, ya karibu. Wameleta za karibu tupu. Mikono inamenya mihogo. Sufuria. Kisigino cha mama wa mtu. Hakuna aliyerudi nyuma hata kidogo. Darasa zima! Nimeudhika.

Jumanne, 10 Juni
Nimewasomea pointi. Sita juu ya ishirini, wote. Furaha, binti wa kambi ya wakimbizi, ndiye mwenye jicho. Kwenye sufuria yake aliuachia mvuke nafasi ya kupanda. Kuna nafasi moja tu ya staji, mafunzo ya kazini, mjini Goma na nataka aipate yeye. Ndiyo maana nilimkaripia mbele ya wenzake: asiyejua kupiga picha ya mbali hajui alipo. Nikajiona nimesema neno. Akajibu polepole, "Madame, huku batu habapigake mulima foto." Ati watu hawaupigi mlima picha. Nikaona uvivu. Mlima uko palepale, utakimbia? Warudie, walete Alhamisi.

Alhamisi, 12 Juni
Wengine wamepiga ukuta wa shule. Ujanja wa sungura.
Furaha hakuja. Mchana baba yake alisimama mlangoni, kofia mkononi. Binti amepanda kilima kinachotazamana na mlima akiwa na simu ya darasa, na wenye bunduki walioko mlimani wamemkamata. Anayeelekeza simu mlimani, kwao ni mpelelezi. Kila mtoto wa hapa anajua. Mimi mtu wa Shasha. Kwetu picha ya mbali ni ziwa na mitumbwi, nani atakuuliza?
Baba aliniuliza neno moja tu. "Njo weye ulimutuma?"
Nikasema ndiyo, ni mimi niliyemtuma. Angenitukana ningepata nafuu.

Ijumaa, 13 Juni
Baba na mzee wa kanisa wamepanda na mbuzi wa kumkomboa. Nilitaka kwenda nao, wakakataa. Mgeni ataharibu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Mimi nimekuja, mwenyeji kakamatwa.
Nimeshinda jikoni kwa mama yake. Kanipa viazi. Haniangalii. Naogopa. Sala ninazozijua zimekwisha, nazirudia. Jioni hawajarudi.

Jumamosi, 14 Juni
Wamerudi naye. Anatembea. Simu wamebaki nayo. Mkono wa kulia wameuponda kwa kitako cha bunduki. Hospitali wanasema vidole viwili havitakunjika tena.
Najichukia.

Jumatatu, 16 Juni
Mvua. Furaha amekuja, kaketi mahali pake karibu na dirisha. Wenzake walipotoka akaniomba nimsahihishe. Video haipo. Akanieleza picha kwa mdomo, mkono umelala mapajani. Mlima umejaa, mbingu kidogo tu juu. Chini pembeni kambi, ndogo, imelemewa. Kuhusu nyumba yao nilimuuliza mwenyewe, iko upande gani. Haimo pichani. Alisogeza simu mpaka nyumba ikatoka, kwa sababu alijua wakimnyang'anya wataitazama video na kujua kwao.
Hilo sikumfundisha mimi.
Nimempa ishirini. Hakufurahi wala hakukataa. Aliuliza kama kule Goma, kwenye staji, wanataka mtu wa mikono miwili. Nikamwambia nitauliza. Tukakaa kungoja mvua ipungue, kisha nikambebea begi mpaka kwao.