Sentimita Kumi na Mbili

Jumapili, 9 Februari

Wiki ya pili sasa. Mageti sita ya mfereji wetu yamegoma kwenye sentimita kumi na mbili. Bwawa limefunguliwa zaidi. Yalipaswa kufika ishirini. Wakulima wanabonyeza ishirini asubuhi, ikifika jioni wanakuta kumi na mbili. Nyanya zinapukutisha maua. Mageti hayana bosi – kila geti lina kisanduku kinachosikiliza majirani zake, kinasogea katikati, mpaka vyote vikubaliane. Ndivyo fundi alivyosema. Mbona vinakubaliana chini tu?

Anayeshukiwa ni Wedam, mwenyekiti wa chama, geti la kwanza. Kikao Jumatano, nami mwandishi wa chama nimeagizwa kuchunguza. Atakayeonekana kachezea, ananyang'anywa shamba.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemhoji Wedam. Kacheka. "Mwandishi, hata simu yangu binti yangu ndiye ananisomea. Nitaiba kwa kisanduku?" Jibu zuri. Zuri mno. Funguo zote za visanduku anazo yeye.

Mama Kachana, mjane wa geti la sita, mkiani, ndiye mkali kuliko wote: "Mzee yule anakunywa maji yetu na pombe yetu ya pito!"

Jumanne, 11 Februari

Nimetembea mfereji mzima na daftari. Saa moja wamebonyeza. Saa nne, kuanzia la Wedam: 20, 20, 19, 18, 15. La sita: 12. Nimesoma mara mbili. Kushuka kunaanzia mkiani!

Kisanduku cha sita, kufuli linaning'inia wazi. Waya wa kusemea upo. Wa kusikilizia, ule mwekundu, haupo. Kinatangaza kumi na mbili kutwa, hakisikii mtu, wenzake wanakifuata.

"Kidude hicho sikigusi," kasema Mama Kachana. "Januari kilinishushia maji kila siku. Kilipofika kumi na mbili kikasimama, Mungu mkubwa." Waya? "Waya gani? Muulize mwenye funguo."

Kikasimama – chenyewe?

Jumatano, 12 Februari

Kikao, banda la kupakia nyanya. Wedam kaweka funguo mezani. Leo hacheki. Mikono minne imenyooka kumtoa, wa Mama Kachana ukiwa wa kwanza.

Mama Kachana kaniinamia kunipa kibuyu cha pito. Kitambaa chake kina fundo kiunoni. Kwenye fundo – ncha ya waya, nyekundu.

Kawageukia wote: "Mwandishi hana shamba, hana upande. Na jana kapima. Baba, hebu waambie!"

Ukurasa wa jana uko wazi mapajani. Naandika hapa kupata dakika moja. Bado ananitabasamia.