Samaki Tusiowahesabu

Jumatatu, 1 Juni
Nimekamua. Maziwa yamefika barabarani. Nimebadilisha ndoo moja ya maji ya samaki. Binti yangu Furaha yuko Goma kwa mtihani, akwariamu yake imebaki kwangu hapa Mushaki. Jike wa njano amebeba mayai mdomoni. Hali chochote mpaka watoto watoke. Furaha anawasubiri watoto hao kwa hamu kuliko matokeo ya mtihani. Dume mkubwa wa kahawia nimempa jina la ng'ombe, Bihogo. Furaha alikataza kuongeza samaki wadogo. Lakini mimi ni mfugaji. Fahali asiye na kundi huwa mkorofi. Nimeongeza wadogo.

Jumatano, 3 Juni
Kuna waliopungua. Mzoga hakuna. Kifuniko kipo, na jiwe juu yake. Changarawe imechimbwa hadi kioo cha chini kinaonekana. Sipendi.

Alhamisi, 4 Juni
Mama Kavira wa dukani alifuata maziwa. Akaweka kidole kwenye kioo, akahesabu kwa sauti.
"Papa, iko tano tu. Juzi ilikuwa nane."
Nilimkaripia. Kwetu mifugo haihesabiwi. Ng'ombe wa baba walihesabiwa na wageni pale barabarani. Hakubaki hata ndama. Nimekasirika. Nimeogopa pia.

Ijumaa, 5 Juni
Watatu. Sasa nahesabu mwenyewe, siwezi kujizuia. Bihogo hamfukuzi yeyote. Amesimama akitazama kiti changu, mapezi wazi. Nikienda mlangoni, ananifuata hadi mwisho wa kioo. Naona aibu kumwogopa samaki.

Jumamosi, 6 Juni
Wawili. Jike amejibana juu, nyuma ya mpira wa kuingiza hewa, mkia umechanika. Chini ya jiwe moja majini nimekuta mkia mwingine, mdogo sana. Nikampigia Furaha.
"Papa, ulitia badogo? Toa ule dume leo. Ule wa manjano akiogopa, atameza mayai yake."
Nimemtoa Bihogo kwa beseni la maziwa. Hakupigana. Alinitazama tu.

Jumapili, 7 Juni
Mvua nyepesi. Nimemtupia jike chembe chache, kwa mazoea. Amekula. Amekula zote. Nilifurahi kabla ya kuelewa.
Nimetafuta watoto nyuma ya kila jiwe. Hakuna.
Furaha amepiga simu kutoka Sake, yuko njiani. Ameuliza jambo moja tu, kama jike amekula. Nikasema ndiyo. Nilisikia pikipiki ikinguruma upande wake, kisha akasema sawa, Papa.